Molekuli Hazijui Ziendako

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa kwamba katika difyusheni molekuli hutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Nimekariri, na kwenye mtihani napata alama, lakini kuna jambo linanikera. Molekuli haina macho wala akili, sasa inajuaje kwamba upande wa pili kuna nafasi? Rafiki yangu anasema zinasukumana kwa sababu zimebanana, kama watu mlangoni. Ni kweli? Na zikishasawazika pande zote, zinasimama?

Jibu: Marahaba, na usiache kukereka. Sentensi uliyokariri ni sahihi, ila inazungumzia kundi, nawe unaisoma kana kwamba inazungumzia molekuli moja moja. Molekuli moja haijui lolote. Haipimi ukolezi wa huku wala wa kule, haina upande inaoupendelea, na kila inapogongwa inaelekea popote: kushoto, kulia, juu au chini, kwa uwezekano uleule. Penye molekuli nyingi huondoka nyingi, penye chache huondoka chache. Ukichukua zilizokwenda ukatoa zilizorudi, kinachobaki ni mwendo wa kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Hilo ndilo jibu zima. La rafiki yako, ingawa linaingia akilini haraka, si kweli, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Tuanze na molekuli yenyewe. Katika hewa ya kawaida yenye nyuzi joto 25, molekuli ya naitrojeni hukimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ingevuka chumba cha mita tano kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Lakini haifiki. Baada ya nanometa 70 hivi (nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita) inagongana na nyingine na kugeuzwa njia. Kwa sekunde moja tu inagongana mara bilioni kadhaa, na baada ya migongano michache mwelekeo wake wa mwanzo umepotea kabisa. Ndani ya maji hata mbio hizo fupi hazipo. Molekuli zimegusana, kila moja inatikisika pale ilipozingirwa na jirani zake, inapata upenyo, inasogea kidogo, kisha inazingirwa tena.

Mtikisiko huu una alama inayoonekana kwa darubini. Mwaka 1827 Robert Brown aliona chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua zikichezacheza ndani ya maji bila kutulia. Kwanza mtu angedhani ni kwa sababu zina uhai, lakini alipojaribu vumbi la mawe nalo likacheza vilevile. Chembe ile inagongwa na molekuli za maji kutoka pande zote, na kila mara upande mmoja huzidi kidogo. Albert Einstein aliandika hesabu yake mwaka 1905, na vipimo vya Jean Perrin vikaithibitisha miaka michache baadaye.

Sasa hilo la kubanana. Chukua rangi iliyoyeyushwa kwa ukolezi wa moli 0.01 kwa lita. Lita moja ya maji ina takriban moli 55 za molekuli za maji. Gawanya: kwa kila molekuli moja ya rangi kuna molekuli 5,500 za maji. Kipeuo cha tatu cha 5,500 ni karibu 18, maana yake ukitoka kwenye molekuli moja ya rangi kwenda kwa mwenzake wa karibu, unapita molekuli za maji kumi na saba hivi zilizopangana mstari. Hao si watu waliobanana mlangoni. Kinachoigonga molekuli ya rangi ni maji, na maji yapo pande zote, penye rangi nyingi na penye rangi chache. Molekuli ya rangi iliyo mpakani haina namna ya kuhisi kwamba nyuma yake kuna wenzake wengi kuliko mbele.

Ushahidi mwingine ni mkali zaidi. Kuna maji ambayo atomu yake ya oksijeni ni nzito, oksijeni-18 badala ya oksijeni-16 iliyozoeleka. Weka maji hayo upande mmoja na maji ya kawaida upande wa pili, kwa utulivu yasikorogeke. Idadi ya molekuli kwa kila mililita ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo hakuna upande uliobanwa kuliko mwingine. Hata hivyo yale yenye oksijeni-18 yanasambaa hadi yanalingana kila mahali. Msukumano ungekuwa ndio sababu, hapa pasingetokea chochote.

Kwa haki ya rafiki yako: ukifungua valvu ya mtungi wa gesi, gesi inatoka kwa kishindo, na hapo kweli inasukumwa, kwa kuwa kanieneo ya ndani ni kubwa kuliko ya nje. Lakini huo ni mtiririko wa gesi nzima kwa pamoja, kama upepo. Ukitaka kuzungumzia difyusheni, kwanza sawazisha kanieneo.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Chora chombo chenye maji, kigawe katikati kwa mstari wa kuwaza tu, bila ukuta. Kushoto weka molekuli 800 za sukari, kulia 200. Tuseme katika kila dakika, molekuli moja kati ya kumi hujikuta imevuka mstari. Sharti ni hilohilo kwa pande zote mbili. Hatujaipa molekuli yoyote sababu ya kupenda kulia.

Dakika ya kwanza zinavuka 80 kwenda kulia, na 20 zinakuja kushoto. Tofauti ni 60, kwa hiyo sasa ni 740 na 260. Dakika ya pili zinakwenda 74, zinarudi 26, tunabaki na 692 na 308. Endelea hivyo hadi dakika ya kumi na utapata karibu 532 na 468. Tofauti iliyoanza 600 imeshuka hadi 64, na kila dakika ilishuka kwa kiasi kilekile cha moja ya tano ya iliyobaki.

Simama kidogo kwenye zile 20 za dakika ya kwanza. Zilitoka penye ukolezi mdogo zikaenda penye ukolezi mkubwa, kinyume kabisa na sentensi uliyokariri, na hazikuvunja kanuni yoyote. Ukiweza kuziona hizo 20 kila unaposoma neno difyusheni, umeshaelewa kuliko wengi wanaoifundisha.

Na swali lako la mwisho linajibiwa hapohapo. Zikifika 500 kwa 500, kila dakika zinakwenda 50 na zinarudi 50. Hakuna iliyosimama wala iliyopunguza kasi. Kilichokoma ni mabadiliko ya jumla tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba “molekuli huacha kutembea zikisawazika” anakatwa alama kwa haki. Kwenye mtihani weka neno *halisi*: difyusheni ni mwendo halisi wa molekuli kutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo, unaotokana na kila molekuli kutembea ovyo. Halisi hapa ni kama ile ya mapato halisi, kile kinachobaki baada ya kutoa.

Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Ujerumani, aliliandika jambo hili kama sheria mwaka 1855, akiazima hesabu iliyokuwa tayari ikitumika kwa joto linalopita ndani ya vitu. Kiasi kinachopita kwenye eneo fulani kwa sekunde hulingana na mteremko wa ukolezi, yaani tofauti ya ukolezi igawanywe kwa umbali kati ya sehemu hizo mbili. Tofauti ikizidi mara mbili, mtiririko unazidi mara mbili. Utando ukiwa mwembamba kwa nusu, vilevile. Umeona ilikotoka: ni zile 80 kutoa 20.

Kama hesabu ya karatasini haikutoshi, ifanye kwa mikono. Kata vikaratasi 20, viandike namba 1 hadi 20, vitie mfukoni. Tafuta vijiwe 20, navyo viandike 1 hadi 20. Chora duara mbili na uweke vijiwe vyote kwenye duara la kushoto. Chota kikaratasi bila kuangalia, soma namba, kisha hamisha kijiwe chenye namba hiyo kwenda duara la pili, popote kilipo: kama kiko kushoto kiende kulia, kama kiko kulia kirudi kushoto. Rudisha kikaratasi mfukoni, tikisa, chota tena. Baada ya kuchota mara 10, kushoto kutabaki kwa wastani vijiwe 13 au 14. Baada ya mara 20 vitabaki 11 hivi. Ukiendelea, vitabaki vikizungukazunguka kwenye 10, mara 8, mara 12, bila kutulia. Mfuko hauoni duara lolote, na bado vijiwe vimesambaa.

Kosa la kawaida katika mchezo huu ni kusahau kurudisha kikaratasi. Ukifanya hivyo, baada ya kuchota mara 20 kila kijiwe kitakuwa kimehama mara moja tu na vyote vitakuwa kulia. Umetengeneza molekuli zinazokumbuka zamu zao, na molekuli za kweli hazikumbuki kitu. Mchezo wenyewe si wangu. Ulibuniwa na Paul na Tatiana Ehrenfest mwaka 1907, wakitaka kujibu swali linalokuja sasa hivi kichwani mwako.

Swali hilo ni hili: kama kila molekuli inaweza kurudi, kwa nini zote zisirudi siku moja, rangi ikajikusanya tena kwenye kona ilikotoka? Hakuna sheria inayozikataza. Kinachozuia ni uwezekano. Ukiwa na molekuli 10, kila moja ikiwa na hiari ya kuwa kushoto au kulia, kuna mipangilio 1,024. Ni mmoja tu kati yake wenye molekuli zote kushoto. Wenye tano kwa tano ni 252. Kwa molekuli 10, basi, kukutana zote kushoto ni jambo unaloweza kulisubiri. Kwa molekuli 100, uwezekano ni mmoja kati ya 1.27 × 10³⁰. Tuseme zinajipanga upya mara bilioni moja kila sekunde: ungesubiri karibu mara 3,000 ya umri wa ulimwengu ili kuziona zote kushoto mara moja. Nazo ni molekuli 100 tu. Tone moja la maji lina zaidi ya 10²¹.

Vitabu huliita jambo hili kuongezeka kwa entropia, kisha huongeza kwamba “maumbile hupenda vurugu.” Mimi silipendi neno hilo, linarudisha akili na matamanio ambayo ndiyo kwanza tumeyaondoa. Entropia ni kuhesabu mipangilio. Mipangilio iliyosambaa ni mingi mno kuliko iliyojikusanya, na mfumo unaotangatanga ovyo kati ya yote hujikuta kwenye iliyo mingi. Ndiyo maana pia kanuni ya difyusheni hulegea pale idadi inapokuwa ndogo: molekuli nne peke yake zitakutana upande mmoja, huu au ule, mara moja katika kila mara nane.

Sasa kuna matokeo ya kutembea ovyo ambayo yanawapita hata watu waliosoma sana, nayo ni ucheleweshaji. Anayetembea ovyo hatua 100 hajikuti hatua 100 kutoka alipoanza. Kwa wastani yuko kama hatua 10 tu, kwa sababu hatua nyingi zinafutana. Akipiga hatua 10,000 yuko umbali wa 100. Umbali hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, na ukiupindua unapata muda unaokua kwa mraba wa umbali. Fomula ya kukadiria ni x² = 2Dt, ambapo x ni umbali, t ni muda na D ni namba inayoonyesha wepesi wa kitu kusambaa ndani ya kingine. Kwa sukari ndani ya maji ya nyuzi 25, D ni kama 0.5 × 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde. Weka namba hiyo kwenye fomula:

Mikrometa 10, ukubwa wa seli nyingi: sekunde 0.1.
Milimita 1: dakika 17.
Sentimita 1: saa 28.
Sentimita 10: siku 116.
Mita 1: miaka 32 hivi.

Soma orodha hiyo mara mbili. Ndani ya seli difyusheni ni ya haraka kiasi kwamba haihitaji msaada, lakini kwenye glasi ya maji inashindwa na mtu mwenye kijiko. Oksijeni ndani ya maji ina D ya takriban 2 × 10⁻⁹, mara nne ya sukari, na bado ingehitaji kama saa saba kusafiri sentimita moja. Ndiyo maana mnyama mkubwa ana moyo na mishipa: damu hubeba oksijeni safari ndefu kwa kusukumwa, na difyusheni huachiwa kipande cha mwisho tu. Ukuta kati ya hewa na damu ndani ya mapafu ni mwembamba, kwa wastani kama mikrometa moja au pungufu, na oksijeni hupita unene huo kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kuna mfano unaopendwa sana darasani, wa manukato yanayofunguliwa kona moja ya chumba na kunukia kona nyingine baada ya dakika moja. Hesabu yake haikubali. Molekuli ya manukato ndani ya hewa ina D ya kama 10⁻⁵, mara elfu kumi hivi zaidi ya ndani ya maji. Kwa mita tatu, fomula inatoa sekunde 450,000, yaani zaidi ya siku tano. Harufu uliyoisikia baada ya dakika moja ililetwa na mikondo ya hewa: mtu aliyepita, joto la miili, upepo wa mlangoni. Difyusheni ilifanya kazi mwanzoni, karibu na mdomo wa chupa, na mwishoni, ndani ya pua.

Kosa hilohilo liko kwenye jaribio la punje ya pamanganeti ya potasiamu ndani ya bika la maji. Punje inazama, inayeyuka, na maji ya zambarau yaliyo jirani yake yanakuwa mazito kuliko maji mengine, kwa hiyo yanatambaa sakafuni mwa bika ndani ya dakika chache. Mwalimu anasema “mnaiona difyusheni.” Wanachokiona zaidi ni maji mazito yakitafuta chini. Difyusheni yenyewe ni kule kupanda polepole kwa rangi kutoka tabaka la chini, jambo linalochukua siku kadhaa ikiwa hakuna anayeligusa bika. Na ukilinganisha bika la maji moto na la maji baridi, lile la moto limejaa mikondo inayosababishwa na joto, hivyo ukubwa wa tofauti unayoiona hauhusiani sana na difyusheni.

Ukitaka kuiona difyusheni peke yake, zuia mikondo. Agari, unga wa mwani unaogandisha maji kama jeli, inafanya kazi hiyo vizuri: maji yamenaswa kwenye wavu wa agari na hayawezi kutiririka, lakini molekuli ndogo zinapita karibu kama kwenye maji matupu. Chemsha gramu 1.5 za unga wa agari ndani ya mililita 100 za maji, ukikoroga, hadi yawe angavu bila punje. Mimina kwenye neli za majaribio hadi theluthi mbili. Ziache zisimame wima hadi zigande na kupoa kabisa. Kisha ongeza juu maji ya rangi ya chakula, yaliyokolea, kina cha sentimita tatu, na uzibe mdomo wa neli. Bandika karatasi yenye milimita ubavuni, sifuri ikiwa pale agari inapoanzia.

Pima rangi ilikofika baada ya saa 1, 4, 9 na 25. Nimechagua namba hizo makusudi, kwa sababu vipeuo vyake vya pili ni 1, 2, 3 na 5. Kama saa ya kwanza rangi imeshuka milimita 4, tarajia 8 saa ya nne, 12 saa ya tisa na 20 saa ya ishirini na tano. Ukichora umbali dhidi ya muda unapata mstari unaojikunja na kulala. Ukichora mraba wa umbali dhidi ya muda unapata mstari ulionyooka. Mstari huo ulionyooka ndio alama ya kutembea ovyo.

Yanayoharibika ni haya. Ukimimina rangi kabla agari haijapoa, inachanganyika juu na sifuri yako inapotea. Agari ikibanduka kwenye kioo, rangi inateleza pembeni na kukudanganya kwamba imefika mbali. Pima katikati ya neli, wala usiangalie kingo. Rangi haina mwisho mkali, inafifia taratibu, kwa hiyo chagua kiwango kimoja cha kukolea kwa rangi na upime hichohicho kila mara, usipime leo kwenye weupe wa mwisho na kesho kwenye wekundu. Na usitumie pamanganeti hapa: inaishambulia agari yenyewe, na baada ya muda zambarau inageuka kahawia, ukabaki unapima mmenyuko wa kemia badala ya mwendo.

Ukitaka kuongeza kipimo cha joto, weka neli moja kwenye maji ya nyuzi 25 na nyingine kwenye maji ya nyuzi 60, zote zikiwa zimefikia joto hilo kabla ya kuongeza rangi. Agari inavumilia 60. Jelatini inayeyuka, usiitumie. Hapa wengi hutarajia tofauti kubwa na huvunjika moyo. Kati ya 25 na 60 D huongezeka kama mara mbili, sehemu kubwa kwa sababu maji huwa mepesi zaidi kupenyeka, na umbali hufuata kipeuo cha pili, kwa hiyo rangi ya neli ya moto itatangulia kwa mara 1.4 tu. Milimita 4 dhidi ya 5.6. Ukipata hivyo, umepima vizuri. Hapo pia unaona maana ya ile kauli kwamba difyusheni “haihitaji nishati”: haihitaji nishati ya seli au ya mtu, lakini inaendeshwa na joto la molekuli zenyewe.

Limebaki jambo moja, na nisingekueleza kama usingekuwa umeuliza kwa nini. Kuna mahali ambapo sentensi yako haishiki, kwa sababu ukolezi si kitu pekee kinachoamua molekuli nyingi zitaishia wapi. Hesabu ya 80 kutoa 20 ilikuwa na sharti la siri: kwamba uwezekano wa kuvuka mstari ni sawa kutoka pande zote mbili. Kitu kikifanya upande mmoja kuwa mgumu kuuacha, hesabu inabadilika.

Chukua iodini iliyoyeyushwa kwenye maji, umwagie juu kiyeyusho cha jamii ya mafuta kama heksani, kisha utikise. Iodini inahamia kwenye heksani, na inaendelea kuhamia hata baada ya ukolezi wa heksani kuupita ule wa maji. Kwenye heksani imetulia zaidi, ikiingia inachelewa kutoka. Mizani inapatikana pale idadi ya zinazovuka inapolingana, na hapo heksani ina iodini nyingi mara kadha wa kadha kuliko maji.

Ioni nazo zina chaji. Ndani ya seli nyingi za wanyama potasiamu ina ukolezi wa kama milimoli 140 kwa lita, nje ni kama 4 au 5. Utando ukiwa unapitisha potasiamu peke yake, ioni zinaanza kuvuja kwenda nje kama ulivyokariri, lakini kila ioni inayotoka inaondoka na chaji chanya na kuacha ndani pakiwa hasi kidogo zaidi. Uhasi huo unazivuta zirudi. Ukifika karibu milivolti 90, zinazotoka zinalingana na zinazorudishwa, na mwendo halisi ni sifuri ilhali ukolezi wa ndani ni mara thelathini ya ule wa nje. Hii usiichanganye na pampu ya sodiamu na potasiamu, inayotoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu kwa kila molekuli ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Hiyo inatumia nishati ya seli na haiitwi difyusheni kabisa.

Kanuni pana ni kwamba molekuli husogea kuelekea pale kiasi kinachoitwa uwezo wa kikemia kinapokuwa kidogo. Katika maji yenye sukari kidogo, uwezo huo hupanda na kushuka sambamba na ukolezi, na ndiyo maana sentensi ya shuleni inatosha kwa karibu kila kitu utakachoulizwa. Lakini mwaka 1949 Lawrence Darken aliunganisha vipande viwili vya feleji (chuma kilichochanganywa na kaboni) vyenye kaboni karibu sawa, kimoja kikiwa na silikoni ya ziada ya karibu asilimia 4, akavipasha joto la nyuzi 1,050 kwa siku 13. Kaboni iliyokuwa imelingana ikaacha kulingana. Ilihama kutoka upande wenye silikoni, mahali isipotulia, ikajazana upande wa pili.